Vishikio Vyeusi vya Twalibu

Kishikio cha kwanza cha Twalibu kilikuwa chekundu, na kililala. Hakikuvunjika wala hakikuungua, kililala tu. Mwamvita wa nyumba ya pili alikuwa barazani anapiga pasi kanzu ya mumewe, mkaa umekolea vizuri, mara akaona kile kishikio kipya alichofungiwa jana kinaanza kuinama taratibu, kama mzee aliyepitiwa na usingizi katikati ya hotuba. Akawaita wenzake waje waone. Wakaja, wakaona, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kufika alasiri mtaa mzima wa Chemchem ulikuwa unajua kwamba pasi ya Twalibu imesinzia.

Mwanahawa, mke wa Twalibu, alikisikia kile kicheko akiwa jikoni, na kilimuuma. Mumewe angekuwa mpumbavu angecheka na yeye, maana alikuwa mwanamke mcheshi. Lakini Twalibu hakuwa mpumbavu. Alikuwa ameifanyia kazi karakana ya reli tangu ujana, akapunguzwa mwaka ule kwa sababu, kama alivyosema msimamizi wake Mwingereza, mikono yake imekuwa mizito na anaangusha vyombo. Tangu hapo akawa anatafuta kazi ambayo mtu anaweza kuifanya bila kuamkia mlango wa Mzungu. Akaona kwamba vishikio vya pasi za mkaa, vile vya mti, vinaungua na kung'oka kila siku. Akaona pia kwamba bakuli na vikombe vya plastiki, ambavyo ndiyo kwanza vilikuwa vinaingia madukani, vikipasuka vinatupwa jalalani. Akaviokota, akaviyeyusha katika sufuria kuukuu, akavimimina katika kalibu ya bati. Matokeo yake ndiyo hayo, kishikio kikalala.

Kama kazi hii isingeshika, njia iliyobaki ilikuwa moja, nayo ni mkonge. Lori la kukusanya watu lilikuwa linakuja Tabora kila mara, na waliopanda waliandikwa mikataba, wakapelekwa Tanga kuwa manamba. Mwanahawa alimwona mume wa jirani akienda mnene na kurudi ana kikohozi. Mwingine hakurudi kabisa, na mkewe mpaka leo hajui akae eda au angoje. Twalibu naye alikuwa amekwisha ota mvi kifuani. Mwanahawa aliogopa lori lile kuliko alivyoogopa nyoka.

"Waache wacheke," Twalibu alimwambia jioni ile, amekaa kwenye kigoda, kile kishikio kilicholala kimo mapajani mwake. "Nimeshaujua ugonjwa wake."

"Ugonjwa gani, Baba Kuluthumu?" Kuluthumu alikuwa binti yao wa pekee, ameolewa Urambo.

"Plastiki haipitishi moto. Moto unatoka kwenye pasi, unapanda, unafika hapa chini kwenye skrubu, unakwama. Unarundikana hapo hapo mpaka panalegea. Inatakiwa nini? Wanatakiwa wapagazi."

"Wapagazi wa nini tena?"

"Wa moto." Akachukua jiwe la tochi lililokwisha nguvu, akalipasua kwa nyundo, akachomoa kile kijiti cheusi cha katikati. "Huu ni mkaa, lakini si wa kuchomea mahindi. Karakanani tuliutumia kwenye dainamo. Moto unapita humu upesi sana. Sasa, ukiusaga ukautia kidogo kwenye plastiki, chembe zinakaa mbalimbali, kama wapagazi waliopotezana porini, hakuna wa kumpokea mwenziwe. Lakini ukiutia mwingi, zinagusana. Huyu anampokeza huyu, huyu anampokeza yule, moto hauna pa kukwama."

Mwanahawa hakushangaa kusikia habari za wapagazi. Babu yake Twalibu alibeba meno ya tembo kutoka Ujiji mpaka pwani, na watu wa ukoo ule hata wakieleza jinsi ya kupika ugali watakuingizia msafara.

"Na mzigo wanautua wapi?" aliuliza.

"Mzigo gani?"

"Huo moto. Wakishapokezana, mwisho wanautua wapi?"

Twalibu akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Hewani, mwanamke. Unatuliwa hewani."

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua mwenyewe. Lakini alikuwa amezoea kwamba mambo ya moto na chuma ni ya mumewe, na alifurahi kumwona amecheka, basi akaliacha.

Wakaanza kuokota mawe ya tochi. Mwanahawa alizunguka nyumba za watu akiomba yaliyokwisha, na aliulizwa kwa kejeli kama siku hizi wanayala. Alivisaga vile vijiti kwenye kinu kilichopasuka mdomo, mpaka mikono, uso na ushungi vikawa vyeusi. Twalibu alichanganya, akayeyusha, akajaza kalibu, akavunja, akaanza upya. Chenye mkaa kidogo kililala kama kaka yake mwekundu. Chenye mkaa mwingi mno kilimeguka kama kashata. Halafu siku moja kikatoka kimoja cheusi, kizito, kinang'aa kama nywele zilizopakwa mafuta. Wakakifunga kwenye pasi yao wenyewe, wakatia mkaa, wakapepea, wakangoja. Kishikio kikasimama wima.

Twalibu alikishika, akapiga pasi kanga yote ya mkewe, upande na upande, akaiweka pasi chini. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na hakuyaficha.

*

Abasi alikuwa na duka la vyombo karibu na soko, lenye baraza pana la saruji. Alikuwa mtu wa maneno laini, na kila asubuhi alipompa mtu mkono alimshika kwa mikono miwili. Alipozisikia habari za kishikio cheusi alikuja mwenyewe nyumbani kwa Twalibu, akaketi kwenye mkeka, akakigeuzageuza.

"Hiki utasema kimetoka Ulaya," alisema.

"Kimetoka Chemchem," Twalibu akajibu.

"Usiwaambie. Sikiliza, Twalibu. Pale barazani kwangu kuna kona. Kaa pale na vyombo vyako. Mwenye pasi mbovu analeta, unamfungia, mimi nachukua fungu langu, wewe lako. Ukishika jina, kona ni yako mpaka uzeeke. Lakini kikilala hata kimoja mbele ya duka langu, mimi na wewe hatujuani. Sitaki kuchekwa kama ulivyochekwa wewe."

Lile neno la mwisho lilimchoma Mwanahawa, aliyekuwa mlangoni ameshika sinia la kahawa. Abasi alilisema kwa upole, huku akitabasamu, na Twalibu ilibidi atabasamu pia. Lakini kona ya barazani, kivuli mchana kutwa, watu wakipita wanasema "shikamoo fundi"! Baada ya Abasi kuondoka Twalibu alitembea ukumbini huku na huku kama bwana harusi. "Mkonge watakwenda wengine," alisema.

Kikombe chake cha kahawa kilikuwa kimejaa na kinatoa moshi. Alikipakata kiganjani muda wote ule wa kutembea, na alipokiweka chini Mwanahawa aliona lengelenge kwenye kidole gumba chake. Akampaka mafuta. Akampaka pia, kama alivyofanya kila siku, lile baka jeupe la kwenye kiwiko ambalo dawa zote za duka la Mhindi zilikuwa zimelishindwa.

*

Mwanahawa aliijua kasoro ya kishikio siku aliyopiga pasi nguo za sikukuu ya Idi. Zilikuwa nguo nyingi, zake, za mumewe na za mama mkwe wa Mwamvita aliyekuwa mgonjwa. Mkaa uliwaka sana. Kwanza alihisi joto zuri, kama la mgongo wa mtoto. Baadaye likazidi. Kabla hajamaliza kanzu ya pili aliiachia pasi ghafla, akapuliza kiganja. Akachukua pembe ya kanga, akaifunga mkononi, akaendelea, na akili yake ikarudi kwenye lile swali aliloliacha. Wapagazi walikuwa hawautui moto hewani. Walikuwa wanautua mkononi mwa mshikaji.

Alingoja mumewe amalize kula.

"Baba Kuluthumu, kile kishikio kina moto."

"Pasi haina moto?"

"Nasema kishikio chenyewe. Kinaunguza."

Twalibu aliinuka, akaenda kwenye pasi iliyokuwa bado na makaa mekundu, akakishika kishikio kwa mkono wote, akakaa nacho. Alimtazama mkewe usoni. Akaendelea kukishika muda ambao yeye Mwanahawa asingeweza hata robo yake.

"Vuguvugu," alisema. "Kama maziwa."

"Labda mkono wako una sugu."

"Ndiyo, una sugu! Mkono wa mwanamume unakuwaje?"

Kwa watu wa ukoo wake sugu ilikuwa heshima. Babu yule wa meno ya tembo alikuwa na nundu begani ngumu kama kwato, na uzeeni aliwaita wajukuu waichome kwa mwiba, acheke nao kwamba hasikii kitu. Kijana aliyekuja kuposa katika nyumba ile aliguswa bega kabla hajaulizwa jina la baba yake. Twalibu alikua akiitamani nundu ile, akapata kazi ya nyundo badala ya mizigo, na sugu yake ikaota mikononi. Ilipozidi kuwa nzito mpaka hasikii sindano wala kaa la moto, aliona ni urithi umemfikia. Mwanahawa naye aliona hivyo hivyo. Zaidi ya mara moja aliwasifia wanawake wenzake kwamba mumewe anageuza makaa kwa vidole.

"Mimi sisemi kwa ubaya," alisema polepole.

"Wote mnasema si kwa ubaya. Mwamvita hakucheka kwa ubaya. Abasi hakunitukana kwa ubaya." Akaiweka pasi chini. "Nimepata kitu kimoja, Mwanahawa. Kimoja tu tangu nifukuzwe. Na wewe ndani ya nyumba yangu unataka kiwe kibovu."

Alimwita kwa jina, jambo ambalo hakulifanya ila akiwa ameumia sana. Mwanahawa alikusanya vyombo, akatoka. Angeweza kurudi akamwambia tena. Angeweza kumwita Mwamvita aje ashike, au kumngoja binti yao aje Idi ashike. Lakini aliliona lori la mkonge limesimama mlangoni, likiunguruma, na mumewe anapanda na kifurushi chake. Akanyamaza. Alikuwa amesema mara moja, akajiambia inatosha.

Asubuhi alichukua mabaki ya vitambaa, akaanza kushona vifuko. Vilikuwa vifuko vizuri, vyenye pamba ndani na ua la uzi juu, vya kuvalisha kishikio. Alimwambia Twalibu ni mapambo ya kuvuta wateja wanawake. Twalibu aliviona, akafurahi, akamwomba msamaha kwa maneno ya jana. Hilo lilimuuma Mwanahawa kuliko yale maneno yenyewe.

*

Vifuko havikumaliza hata wiki ya kwanza barazani. Mwanahawa alipompelekea mumewe chakula alivikuta vimerundikwa kwenye kikapu chini ya mizani, na pasi zimepangwa mbele, vishikio uchi, vinang'aa.

"Shemeji, mtu ananunua kinachoonekana," Abasi alimweleza. "Wewe umekivalisha kama mtoto anayepelekwa jandoni. Watu wanataka kuona weusi wake."

"Vinasaidia mkono," Mwanahawa alisema.

"Vinasaidiaje?"

Twalibu aliacha kukaza skrubu, akainua macho. Wateja walikuwapo, mmoja ameshika pasi, mwingine anangoja zamu. Mwanahawa aliwatazama, akamtazama mumewe aliyekuwa amevaa kofia mpya ya kiua.

"Vishikio visichafuke," alisema. Akaweka sahani, akaondoka.

Pale kwenye ngazi alikutana na Pelagia. Huyu alikuwa Mkatoliki wa kutoka vijijini, mjane mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa akifua na kupiga pasi katika nyumba ya Mzungu mmoja wa idara ya kilimo. Kisima chao kilikuwa kimoja na Mwanahawa, na walikuwa wanapendana. Mkononi alikuwa na pasi kubwa, kishikio kipya cheusi.

"Mwangaluka, mama!" Pelagia alimwamkia Kinyamwezi kwa furaha. "Nimefungiwa na mzee. Cha mti kilikuwa kinanichezea kama jino bovu."

"Mwangaluka. Pelagia, ukipiga pasi, shika na kitambaa."

"Kitambaa? Memsahibu wa pale kazini hataki. Anasema vitambaa vyetu vinachafua shuka zake. Amekataza kabisa." Pelagia akacheka. "Kwani kuna nini?"

Nyuma yao ilisikika sauti ya Twalibu, amechangamka, anamweleza mteja habari za wapagazi wa moto. Mwanahawa aligeuka akamtazama.

"Basi tu," alisema. "Mazoea yangu."

*

Habari ya Pelagia ilifika sokoni kabla yake mwenyewe. Alikuja saa ya jua kali, mtoto mgongoni analia, mkono mmoja umefungwa upande wa kanga, wa pili umebeba ile pasi. Watu walimfuata nyuma. Mwanahawa, aliyekuwa ananunua dagaa, alimwona anapita, na miguu yake ikamfuata bila kuiamuru.

Pelagia alipanda baraza, akaiweka pasi miguuni mwa Twalibu.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Kishikio chako kimeniunguza. Nilivumilia kwa sababu shuka ilikuwa bado mbichi. Mwisho nikashindwa, nikaiachia. Makaa yakamwagika. Shuka imeungua, na zulia limeungua. Nimefukuzwa." Akafungua kanga. Kiganja kilikuwa chekundu, kimevimba, na katikati ngozi ilikuwa imejaa maji. "Nifanyeje sasa, mzee? Mtoto huyu atakula nini?"

Abasi alikuwa amekwisha toka nyuma ya meza yake. Alimtazama Twalibu kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba. "Nini hii?" aliuliza.

"Si kishikio," Twalibu alisema.

"Mkono huo hapo."

"Amegusa bati. Au makaa yalimwagika kwanza, akaungua na makaa. Kishikio hakiunguzi. Mimi ndiye niliyekitengeneza, mimi ndiye ninayekijua." Aligeuka kwa watu. "Leteni makaa! Hapo kwa muuza mihogo, leteni. Nataka mwone wote."

Makaa yakaletwa. Yakajazwa kwenye pasi ile ile ya Pelagia, yakapepewa mpaka yakawa mekundu, wakangoja, na kadiri walivyongoja ndivyo watu walivyozidi kuja. Mwanahawa alijipenyeza mpaka mbele. Alijua kabisa kinachokuja: mumewe atashika, ataunguzwa, ataiachia, na kicheko cha Mwamvita kitakuwa si kitu mbele ya kicheko cha leo. Alisikia aibu na, chini ya ile aibu, nafuu kubwa. Hatimaye moto utamwambia, yeye hatalazimika kumwambia.

Twalibu aliishika pasi. Akaiinua juu kama mtu anayeonyesha kuku mnadani. Akaishusha, akachukua kanga moja dukani kwa Abasi, akaitandika mezani, akaanza kuipiga pasi.

"Mnaona?" alisema. "Vuguvugu."

Watu wakaguna kwa kushangaa. Mmoja akasema kweli fundi ni fundi. Mwingine akamtupia Pelagia jicho, akasema mikono hiyo ya kushika rozari si ya kazi, na waliokuwa karibu wakacheka. Pelagia aliinamisha kichwa, akaanza kuufunga tena mkono wake.

Mwanahawa hakucheka. Alikuwa anaangalia vidole vya mumewe. Ngozi ya pembeni mwa kidole gumba ilikuwa imegeuka nyeupe, ikakunjamana, ikaanza kuteleza juu ya nyama kama ngozi ya maziwa yaliyochemka.

"Iachie!" alipiga kelele. "Baba Kuluthumu, iachie! Unaungua!"

Twalibu alimtazama kwa masikitiko, kama mtu aliyesalitiwa mara ya pili. "Hata hapa?" alimwambia. Akapiga pasi upindo wa mwisho, bila haraka, akaiweka pasi mezani, akafungua mkono.

Ngozi ya kiganja ilibaki kwenye kishikio.

Hakuna aliyecheka. Twalibu aliona macho ya watu yameganda, akayafuata mpaka kwenye kiganja chake mwenyewe, kilichokuwa nyama tupu inayong'aa. Alikigeuza. Akakigusa kwa kidole cha mkono mwingine. Uso wake haukuonyesha maumivu yoyote, ila mshangao wa mtu anayeona kitu chake mkononi mwa mwingine.

Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake nyuma kwa bega. Neno lilianza kunong'onwa upande wa ngazi, likapita kutoka kinywa hadi kinywa mpaka likafika mbele: ukoma. Abasi, aliyekuwa akimpa Twalibu mikono miwili kila asubuhi, alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akaanza kufuta viganja vyake kwenye kanzu, upande huu na upande huu, bila kujua kwamba anafanya hivyo.

*

Katika hospitali ya Kitete walipokelewa na Tobias, dresa wa kufunga vidonda, mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa uzi. Alimfunga Twalibu bendeji kwanza, ndipo akalitazama lile baka la kwenye kiwiko, akalibonyeza, akaguna. Akamfumba macho kwa kitambaa. Akachukua unyoya wa kuku.

"Mzee, kila nikikugusa, sema."

Akaupitisha unyoya kwenye vidole vya mkono usioungua. Akaupitisha kwenye kiganja, kifundo, kiwiko. Akauchukua mkono wa bendeji, akagusa ncha za vidole. Mwanahawa alikuwa ameketi kwenye benchi, anauona ule unyoya unavyotembea, na alitamani kumnong'oneza mumewe: sema sasa, sema. Twalibu alikuwa amekaa wima, makini, kama mwanafunzi anayengoja swali.

"Bado hujaanza?" aliuliza.

Tobias aliuweka unyoya mezani.

Alieleza vizuri. Alisema siku hizi kuna vidonge. Iko kambi ya wenye ukoma njia ya kusini, watu wanatibiwa, wapo wanaorudi kwao. Alisema ugonjwa umekaa mwilini muda mrefu, na ile mikono kuwa mizito haikuwa sugu wala uzee. Angeletwa mapema, alisema, ingekuwa rahisi zaidi. Hakumwangalia Mwanahawa aliposema hivyo, lakini Mwanahawa alilichukua neno lile lote akalibeba yeye. Kila lengelenge alilolipaka mafuta na kila sifa aliyompa mbele ya wanawake wenzake vilimrudia.

Mjini vishikio vyeusi viling'olewa. Havikung'olewa kwa sababu vinaunguza, maana wanawake wengi walikuwa wanashika na kitambaa na hawakuwa na malalamiko yoyote. Viling'olewa kwa sababu ya mkono uliovitengeneza. Mwamvita, ambaye naye alikuwa amefungiwa cheusi badala ya kile kilicholala, alikitoa cha kwake kwa koleo, akakitupa chooni. Abasi alivikusanya vilivyobaki barazani, pamoja na vile vifuko vya maua, akavichoma nyuma ya duka, na moshi wake mweusi ulinuka mpaka misikitini. Kona ilioshwa kwa maji ya majivu. Kuluthumu alituma habari kutoka Urambo kwamba mama mkwe wake anaona si vizuri aje kwa sasa.

Pelagia tu ndiye alikuja, jioni moja, akasimama nje ya ua. Mkono wake ulikuwa bado umefungwa.

"Siku ile ngazini," alisema, "uliniambia habari ya kitambaa."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua."

Mwanahawa alitaka kusema juu ya lori la mkonge, juu ya kicheko na kofia ya kiua. Vyote vilikuwa kweli, na hakuna kimoja kilichoweza kuvuka ua ule. "Nilijua," alisema.

Pelagia aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekuja kuthibitisha tu. Akampandisha mtoto mgongoni kwa mkono mmoja, akaenda zake, na tangu siku ile alichota maji kisima cha mbali.

*

Asubuhi ya safari Mwanahawa aliwasha mkaa mapema. Gari la kambi lilikuwa liwachukue wagonjwa karibu na hospitali. Twalibu alikaa kwenye kigoda chake, kifurushi miguuni, na kilikuwa ndicho kile kile ambacho Mwanahawa alikiona mara nyingi akilini kikipanda lori la Tanga.

Pasi yao ilikuwa bado na kishikio cheusi, kile cha kwanza kilichosimama. Hawakukitoa, maana hakuna ambaye angewafungia kingine. Mwanahawa alitandika kanzu ya mumewe, akaishika pasi. Kitambaa kilikuwa karibu naye, juu ya kiti. Hakukichukua.

Alianza na mgongo, akaja mikono. Joto lilipanda kama alivyolijua, kwanza zuri, baadaye si zuri, na lilipofika mahali pa kuachia hakuachia. Alibana meno. Machozi yalimtoka, akayaacha.

Twalibu alikuwa anamtazama.

"Hukuweka kitambaa," alisema.

"Sikuweka."

"Kina moto?"

"Kina moto, Baba Kuluthumu. Kina moto sana."

Nje walisikia wanawake wanapita kwenda kisimani, na wakasikia pia jinsi wanavyopunguza sauti wakifika mbele ya nyumba yao.

"Ungeniambia," Twalibu alisema.

"Nilikuambia."

"Uliniambia mara moja."

Mwanahawa alimaliza kola, akaiweka pasi chini, akaikunja kanzu juu ya magoti yake kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa haufungi tena. Akampa. Twalibu aliipokea kwa mikono yake miwili, mmoja wenye bendeji na mmoja usio nayo, akaiinua mpaka shavuni ili ajue kama bado ina joto.